Frateri na Nyapara Chumba Kimoja

Asubuhi ya kwanza tuliamshwa na adhana. Msikiti ulikuwa nyumba ya tatu kutoka yetu, na spika yake ilitazama dirisha letu kana kwamba tunadaiwa. Niliruka kutoka kitandani, nikafanya ishara ya msalaba, nikasimama kuelekea ukutani na kuanza Masifu ya Asubuhi kimoyomoyo. Nilipogeuka nilimkuta mwenzangu amechuchumaa kwenye ncha ya godoro lake, mikono juu ya magoti, macho sakafuni. Hasemi. Mimi nami sisemi, kwa sababu kwa miaka 12 nilikuwa nimezoea kwamba toka sala ya usiku mpaka misa ya asubuhi mtu hafungui kinywa. Kimya kikuu, ndivyo tulivyokiita. Basi tukabaki hivyo, wanaume wawili wazima ndani ya chumba kimoja cha Chikongola, Mtwara mjini, mmoja kasimama kama mshumaa, mwingine kachuchumaa kama kuku anayetaka kutaga. Yeye alikuwa anangoja ahesabiwe. Mimi nilikuwa nangoja kengele.

Hakuna aliyekuja kuhesabu, na kengele haikulia. Saa moja na ushei, jua limeshaingia ndani, Bi Mkubwa mwenye nyumba akagonga mlango kwa mpini wa ufagio: "Wapangaji wapya! Mmekufa humo?"

Tukatazamana. Hapo likazuka swali ambalo miaka miwili baadaye lilikuja kuuchekesha ukumbi mzima: nani afungue mlango?

Mimi nilikuwa nimetoka seminari. Niliingia kidato cha kwanza nikiwa na miaka 14, nikatoka mwaka 2012 nikiwa mwaka wa pili wa teolojia, kwa miguu yangu na kwa barua niliyoiandika mwenyewe. Kwetu ni upande wa Masasi. Mapadre Wabenedikto wako Ndanda tangu 1906, na vijijini kwetu mtoto akisoma vizuri na kunyamaza vizuri, watu wanamwona tayari kavaa kanzu. Kurudi kijijini bila hiyo kanzu sikuweza. Nikashukia Mtwara mjini na begi moja na bahasha niliyopewa na gombera tulipoagana. (Gombera ni mkuu wa seminari. Nimeulizwa mara nyingi, bora niseme mapema.)

Mwenzangu alikuwa ametoka gerezani. Alifungwa miaka 6 kwa kesi ya magunia ya korosho yaliyopotea kati ya ghala na ghala. Alikuwa utingo wa lori. Akakaa 4, kwa kuwa mfungwa mwenye tabia njema hupunguziwa theluthi moja ya kifungo chake. Ndani alipanda cheo mpaka akawa nyapara, yaani mfungwa anayewasimamia wafungwa wenzake. Ni mtu wa Mikindani, kilomita kama kumi tu kutoka mjini, ana ndugu tele huko, na hakutaka kwenda kwao kwa sababu ileile iliyonizuia mimi kwenda kwetu.

Mwaka ule Mtwara ilikuwa imelewa ndoto za gesi asilia. Wageni wanaingia, kila mwenye banda analipiga rangi na kuliita nyumba, kodi za vyumba zinapanda kila mwezi. Dalali mmoja alinionyesha chumba asubuhi, mwenzangu akamwonyesha chumba hichohicho mchana. Kila mmoja akamtoza nusu ya kodi ya miezi 6, akamwambia nusu nyingine "imeshapunguzwa na mwenye nyumba kwa heshima yangu", na juu yake akachukua udalali wake kamili, mara mbili. Jioni tukakutana mlangoni, kila mtu na begi lake. Simu ya dalali haipatikani. Bi Mkubwa alikuwa ameshapokea shilingi 360,000 zake zote, kwa hiyo hakuona tatizo liko wapi.

"Chumba kikubwa hiki, wanangu. Mmoja alale huku, mwingine huko. Mtagombea nini, na hamna hata sufuria?"

Ndani ya wiki moja mtaa ulikuwa umetupa majina. Mimi Frateri, kama anavyoitwa anayesomea upadre, yeye Nyapara. Langu nilijitakia mwenyewe: mtu akinisalimia "habari za asubuhi" nilikuwa namjibu "milele na milele, amina" kabla sijakumbuka niko wapi. La kwake alipewa siku ya bomba. Kwenye bomba la maji la mtaa, ndoo zilikuwa zinagombaniwa tangu enzi na enzi. Yeye alifika na ndoo yake, akasimama pembeni, akasema kwa sauti ya chini tu, "Wawili wawili." Watoto wakapangana. Akina mama nao wakapangana. Wala hakumwambia mtu alikuwa wapi miaka ile minne, sauti ilishasema.

Sasa niseme habari ya kitunguu, maana watu waliouona mchezo wetu wa jukwaani hudhani nilitunga. Sikutunga. Seminari unalima bustani, unavuna, unamkabidhi mtunza stoo, chakula unakutana nacho mezani. Mimi nilikuwa na miaka 26, nasoma Kilatini, sijawahi kununua kitunguu. Siku ya kwanza sokoni niliuliza bei, mama akaniambia fungu mia tano, nikasema, "Asante mama, Mungu akubariki," nikaondoka. Nilidhani shughuli imekwisha. Nyapara aliponiuliza vitunguu viko wapi, nilimjibu kwa moyo mweupe kabisa: "Nimeshaviulizia." Baadaye nikajua kutoa hela, lakini kuomba kupunguziwa sikujua, na wauza nyanya wakawa wananiita toka mbali kama kunguru walioona dagaa zimeanikwa.

Nyapara kupatana bei alijua. Tatizo lake lilikuwa sarafu. Ndani, aliniambia, sabuni ni hela, sigara ni hela, chumvi ni hela. Hela yenyewe ni kesi. Nilimwona kwa macho yangu akimsukumia muuza samaki kipande cha sabuni ya mche, kimekatwa kwa uzi kikanyooka kama tofali, apewe changu wawili. Uso mkavu, anatazama pembeni, kama anayepitisha magendo. Yule mama akakigeuza, akakinusa, akamrudishia.

"Kaka, mimi nauza samaki. Kuoga nimeoga."

Kupika nako. Alikuwa amefanya kazi jikoni gerezani mwaka mzima, ugali wa watu 300 anaupima kwa jicho. Wa watu wawili ulimshinda. Ule wa kwanza tuliula siku tatu, na kilichobaki Bi Mkubwa aliwamegea kuku, nao wakafikiri kwanza. Halafu kula kwenyewe: mimi nilikuwa nakula kimya, maana nimezoea mmoja asome kitabu kwa sauti wengine wakila, na kila tulipoketi nilijikuta nangoja msomaji aanze. Yeye anakula mkono wa kushoto umeizunguka sahani, dakika mbili kamaliza. Akishamaliza anaanza kuitazama sahani yangu. Wiki ya kwanza nilidhani hashibi, nikawa nambakizia. Akakataa. Akasema, "Kula taratibu. Mimi naangalia." Alikuwa ananilindia.

Lakini kilichotutesa ni mlango. Nyapara akiufikia mlango alikuwa anasimama. Hausukumi, hashiki komeo. Anasimama hatua moja nyuma, mabega yameshuka, anangoja, kwa sababu kwa miaka 4 mlango ulikuwa kitu cha mwenye funguo. Mimi kufungua naweza, ila kutoka bila ruhusa siwezi. Nasimama na mkono kwenye komeo, naita: "Nyapara, naomba niende dukani." Anasema, "Nenda." Ndipo naenda. Kwa hiyo safari yoyote ya kutoka chumbani ilihitaji watu wawili, mmoja wa kufungua na mmoja wa kuruhusu. Bi Mkubwa alipoligundua hilo akaacha kutuita majina ya mtaa, akawa anatuita Komeo na Bawaba. Mpaka leo hajatuambia nani ni nani.

Geti lake lilikuwa linafungwa saa 4 usiku. Wapangaji wengine walinuna. Sisi tulimwona ana busara sana.

Mchezo ulianzia kwenye kahawa. Jioni tulikuwa tunakaa baraza moja Magomeni, vikombe vidogo, kashata, mabishano ya mpira. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa fasihi, alikuwa akija pale. Siku hiyo nilitaka kuwahi nyumbani, nikasimama, nikamgeukia Nyapara mbele ya watu wote, nikasema, "Naomba ruhusa." Naye bila kuacha kunywa akasema, "Nenda." Watu walicheka mpaka muuza kahawa akaweka birika chini. Mwalimu hakucheka. Alitutazama mmoja mmoja, akaniambia: "Hiyo iandike. Kama ilivyo. Usiongeze kitu."

Niliongeza, bila shaka. Nilinunua kaunta buku ya kwaya mbili nikaijaza usiku, Nyapara akinisahihisha kutoka kwenye godoro lake. Tukapata vijana watano wenye hamu ya jukwaa, tukawa kikundi. Seremala wa Magomeni akatukopesha fremu na mlango wake, tukausimamisha katikati ya jukwaa peke yake, bila kuta. Unaweza kuuzunguka kushoto au kulia ukiwa na akili timamu. Nyuma ya pazia tukaning'iniza rimu ya gari, ile inayopigwa shuleni kama kengele. Sharti langu lilikuwa moja: rimu ionekane kidogo pembeni ya pazia tangu mwanzo, na isipigwe mpaka watu warudi makwao.

Kuhusu kibali, kwa wanaotaka kujaribu: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 haijali kwamba mchezo wenu ni wa watu wawili na mlango. Muswada unapelekwa ukasomwe. Tuliutoa nakala, tukaanzia kwa afisa utamaduni, naye akauliza swali moja tu, "Mnamtukana nani hapa?" Nyapara akamjibu, "Sisi wenyewe, mheshimiwa." Akafungua ukurasa wa kitunguu, akausoma mara mbili, akasema tuendelee na taratibu nyingine.

Mchezo wa kwanza tuliucheza kwenye ukumbi wa shule, mwaka 2014, watu wamejaa mpaka madirishani. Na uliharibika, ingawa waliokuwepo watakuambia ulifana.

Mimi nilicheza Frateri, yeye Nyapara. Na kwa kuwa tulikuwa tumekulia kwenye vichekesho vya luninga, tulimfunga mto tumboni, tukampa kigugumizi, suruali fupi, soksi mbili tofauti. Alipoingia tu ukumbi ulilipuka. Tulifurahi. Mandhari ya pili, pale anapotoa sabuni sokoni, kijana mmoja akapiga kelele toka nyuma: "Mwizi huyo! Shika!" Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Kila alipoingia tena, mtu mwingine anaita mwizi. Mlangoni aliposimama kungoja afunguliwe, pale ambapo mimi niliona ni moyo wa mchezo wote, walicheka kwa kudhani anapeleleza nyumba.

Alimaliza maneno yake yote. Hakuruka hata mstari. Nyumbani akavua ule mto, akaukung'uta vumbi, akaurudishia foronya, akalala ubavu mmoja akiangalia ukuta. Ndivyo alivyolala siku zote, ubavu mmoja, magoti yamekunjwa. Kwenye mabweni yaliyojaa wanalala mchongoma, wamepangwa kama dagaa kwenye kopo, na mmoja akitaka kugeuka wanageuka wote. Usiku ule hakugeuka.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Kimakonde alikuja kuutazama, baba wa mmoja wa wale vijana wetu. Kesho yake alipita kwa Bi Mkubwa, akakaa barazani na fimbo yake. Ujanani mwake alikuwa mcheza mapiko. Kwa asiyejua: mchezaji wa mapiko anafunikwa mwili mzima, kichwani anavaa sura ya mti iliyochongwa, na akiwa ndani ya ile sura ni lipiko, hatajwi jina, hata mkewe anajifanya hamjui. Basi lipiko anamwiga yeyote. Anamwiga mkubwa wa serikali, anamwiga padre, anamwiga mkwe. Hakuna wa kumgombeza kwa sababu hakuna mtu mle ndani.

"Ninyi jana mmecheza uchi," mzee alituambia. "Kila mtu kaja na uso wake mwenyewe. Watu wafanye nini? Wamemwona mfungwa, wamemcheka mfungwa."

Akanywa uji wake akaenda zake. Mimi nilimpuuza kidogo, nikijiona msomi. Usiku Nyapara akasema toka gizani:

"Frateri. Kesho wewe uwe mimi."

Tulibadilishana. Yeye akacheza Frateri, mimi nikacheza Nyapara. Mto tukautupa, kigugumizi tukakitupa, soksi zikalingana.

Mazoezi ya mwezi uliofuata ndiyo niliyotaka hasa kuyaeleza, na yote niliyoandika hapo juu ni njia ya kufikia hapa. Nilikuwa nimeishi na yule bwana miaka miwili, nimemwandika kwenye kaunta buku nzima, na sikuwa nimewahi kuchuchumaa kama yeye. Alinifundisha. Kisigino chote chini, alisema, kwa sababu hujui utakaa dakika mbili au saa mbili. Mikono isifichwe. Macho yasitafute uso wa anayehesabu, ila masikio yamfuate, ujue kafika namba ngapi, maana akikosea anaanza upya na wote mnabaki chini. Nilipojaribu mara ya kwanza mapaja yalitetemeka nikaanguka kwa makalio, vijana wakacheka. Yeye hakucheka. Akaninyanyua, akasema, "Tena." Siku ya nne au ya tano, nikiwa chini, nikakuta nasikiliza kweli. Nasikiliza hatua. Nyuma yangu hakukuwa na mtu.

Na mimi ikanibidi nimfundishe kuwa mimi, na hapo nikaaibika kwa kiasi ambacho sikutegemea, kwa sababu hakuhitaji kufundishwa sana. Alikuwa ameshaniona. Alitembea ukingoni mwa jukwaa, karibu na ukuta, bila kukata katikati. Nikamuuliza anafanya nini. "Wewe hivyo ndivyo unavyotembea. Mtwara nzima ina barabara, wewe unapita ukutani." Akakunja taulo mara tatu na kulilaza kwenye pembe ya kitanda. Akaingiza viganja kwenye mikono ya kanzu. Akasema "samahani" kwa kiti alichokigonga. Kila alichofanya nilikuwa nakitambua sekunde moja kabla sijakikana.

Kanzu ilikuwa hadithi nyingine. Tulihangaika na maleba, nani atatuazima kanzu ya frateri na parokia haitaki kesi. Nyapara akaenda begini akaitoa yake ya Idi, nyeupe, imepigwa pasi. Akaivaa, akafunga shingoni. Bi Mkubwa, aliyekuwa anapepeta mchele, akainua macho: "Hee! Huyu ni padre au anakwenda Ijumaa?" Hatukuibadilisha. Kwenye maonyesho yote alicheza Ukatoliki wangu ndani ya kanzu yake ya Idi, na mzee wa parokia mmoja aliyekuja akiwa amekunja uso alilalamikia tu kwamba Masifu yanasomwa mbio.

Kuna jambo moja hatukulitia mle, tukaligombania siku mbili. Tarehe 22 Mei 2013, bajeti ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni Dodoma na habari ya bomba la gesi kwenda Dar es Salaam, ambalo watu wa Mtwara walilipinga, ikathibitika, mji uliwaka. Mabomu ya machozi, moshi, askari mitaani, wanajeshi. Kuna waliokufa na kuna waliochomewa nyumba zao. Watu walijifungia ndani. Bi Mkubwa alikuwa analia chumbani kwake, wanawe hawapo. Na sisi wawili, ukweli wa Mungu, tulilala vizuri. Siku zile kadhaa za kutotoka zilikuwa siku zetu nyepesi kuliko zote tangu tulipofika pale. Hakuna kwenda sokoni, hakuna kuamua, hakuna kusimama mlangoni. Ugali, chumvi, kulala. Nyapara alikuwa anapiga mluzi. Mimi nilimaliza Zaburi zote.

Nilitaka iwemo. Nilisema ndiyo inayotuonyesha jinsi tulivyo. Yeye akasema, "Waliofiwa watakuwa wamekaa mstari wa mbele." Nikaona aibu, nikaichana ile kurasa. Bado sijui kama nilifanya vyema. Naiandika hapa kwa mara ya kwanza.

Lindi tulikwenda na basi la asubuhi, mlango wetu umefungwa juu ya keria. Mingoyo tuliposimama wauza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, wakatuuliza tunahama au tumeiba. Ukumbi ulikuwa karibu na bahari, joto la kuchemsha yai. Mchezo ulikwenda kama maji. Nilicheza Nyapara bila kumchekesha mtu kwa makusudi, na watu walicheka kuliko kule Mtwara, ila kicheko kilikuwa kimehama. Walipomwona Nyapara wangu amesimama mbele ya mlango usio na kuta, anangoja, wakaanza kumwelekeza: "Pita pembeni!" "Baba, zunguka!" Mama mmoja wa mbele aliinuka kabisa akataka kuja kumfungulia. Nilikuwa nimeugeuzia ukumbi mgongo na nilisikia viti vinasogezwa.

Mandhari ya tatu umeme ukakatika.

Ukumbi ukawa giza tupu. Minong'ono, watoto wakaanza kulia, watu wakaanza kutafuta njia. Tungewapoteza. Mimi niliganda, mbinu ya jukwaa sina, nina sala tu. Ndipo nikasikia toka kwa yule aliyekuwa anacheza Frateri, kutoka ndani ya kanzu ya Idi, sauti ambayo hakuwahi kuitumia hata siku moja kwenye mazoezi, sauti ya bombani ikiwa imetolewa kitambaa:

"Hesabu! Wawili wawili! Chini!"

Watu wakapasuka kwa kicheko. Simu zikaanza kuwashwa, tochi moja, kumi, ukumbi ukajaa mianga midogo inayoyumba. Na kwa mianga ile tukaona nyuma kabisa, karibu na mlango wa kutokea, wanaume watatu ambao hawakuwa wanacheka. Walikuwa wameshachuchumaa. Visigino chini, mikono juu ya magoti.

Sijui wengine wangapi waliwaona. Mmoja wao akashtuka, akajifanya anaokota kitu sakafuni. Mwingine alibaki vilevile. Nyapara akashuka jukwaani, akapita katikati ya watu huku akihesabu kwa sauti, moja, mbili, anawagusa watu mabega kana kwamba ni sehemu ya mchezo, akina mama wanacheka, watoto wanacheka. Alipowafikia wale akawagusa na wao, nne, tano, sita, akasema kwa sauti ya kawaida, "Timamu. Simameni." Wakasimama. Akarudi jukwaani. Umeme ulirudi baada ya robo saa, tukamalizia.

Mmoja wa wale alitungoja nje. Alimshika Nyapara mkono, hakusema kitu, akaushika muda mrefu, akaenda. Kwenye basi usiku Nyapara alinyamaza mpaka tulipoipita Mingoyo tena. Halafu akauliza kama kuna ugali umebaki.

Tulicheza mara chache baada ya hapo. Vijana wetu wakatawanyika, mmoja Bagamoyo kusomea sanaa, wengine kwenye korosho. Nyapara alioa mwaka 2016, mwanamke wa kwao Mikindani, kwa hiyo mwishowe alirudi hukohuko alikokuwa anakukimbia. Mimi nikabaki na chumba kizima, na kwa wiki mbili sikuweza kwenda dukani. Nilikuwa nafungua mlango, nasimama. Bi Mkubwa alikuwa akipita na ufagio wake anasema, bila hata kunitazama, "Nenda." Nikawa naenda.

Mwaka jana nilikwenda kumsalimia. Ana watoto wawili, ana mtumbwi wa ubia, nywele zimeanza mvi. Tulikula changu, akamaliza dakika mbili, akakaa anaitazama sahani yangu. Tulipiga soga mpaka alasiri, nikasema niwahi gari. Akainuka kunisindikiza. Tukafika mlangoni, tukasimama. Nikangoja aseme. Naye akangoja nifungue. Tukatazamana, sote tumeshalijua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Mkewe akatokea nyuma na ndoo ya maji kichwani, akausukuma mlango kwa mguu.

"Shemeji, piteni basi, mnanimwagia maji."